Kambi Niliyoipita Kimya

Mtera, upande wa Iringa

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Kamwene. Mmeamkaje huko Mafinga, na kifua cha mtoto kinaendeleaje na baridi hiyo? Bado analala na sweta la shule? Huku ni jua tupu, nimekuwa mweusi kama chungu, lakini ni mzima. Barua hii nampa dereva wa lori badala ya kukupigia, maana haya ninayotaka kusema, nikisikia sauti yako nitayameza.

Ile simu haikuibwa mnadani kama nilivyokwambia. Ilizama. Wewe ulimlaani mwizi, na mama yako akakusaidia. Basi mwizi ndiye mimi, na laana zimenifikia.

Kazi yangu unaijua: napakia unga, chumvi na sabuni kwenye boti, peke yangu, nawapelekea wavuvi wa ng'ambo ya bwawa, narudi na samaki wakavu. Nisilokwambia ni desturi ya humu majini. Ukipita mbele ya kambi yoyote, hata kama huna biashara nayo, unapunguza injini, unanyanyua kasia, unapiga hodi: mimi fulani, natoka pale, naelekea pale. Wao wanaitikia, "Pita salama," basi. Mwanzoni nilinyanyua kasia kama wengine. Lakini boti niliyoiunda kwa mbao za kwetu ilikuwa nzito, na vijana wa kambi ya kwanza, kabla sijamaliza hata kutaja jina, wakaibandika la kwao: Kabati. "Fundi, leo Kabati limebeba nguo za nani?" Nikachukia. Mimi niliyetengeneza madawati ya shule nzima, nichekwe na watu wanaonuka samaki? Nikaanza kupita mbali, katikati ya maji, kimya, shingo juu kama bwana mkubwa. Mimi huyo huyo niliyemgombeza Neema mbele ya wageni kwa kumpita bibi yake bila kamwene.

Siku ya ajali nilichelewa kupakia. Wenyeji wanasema vuka mapema, maana mchana upepo unaamka. Nilijua, nikajifanya sijui. Mawimbi yaliponizidi nikakata njia kupitia kwenye miti iliyokufa, ile iliyofunikwa na maji bwawa lilipojengwa. Mingine bado imesimama, mingine ni visiki vimejificha chini. Kisiki kimoja kikatoboa boti. Ikajaa maji, mizigo ikaenda, injini nikaiona inazama, nami nikakumbatia mti mkavu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jua likaanza kushuka, ndipo nikaelewa kwamba hakuna mtu hata mmoja anayejua niko wapi, na kwamba jambo hilo nililitaka mwenyewe. Nililia, mke wangu. Sioni sababu ya kukuficha.

Aliyenitafuta ni Mama Kabula, mama wa Kisukuma anayekausha samaki katika kambi ile ile ya kwanza. Mchana aliniona napita, jioni hakuniona nikirudi. Akapigia simu kambi zote. Kila moja ikasema haijapigiwa hodi. Basi akaacha samaki motoni, akaingia mtumbwini na kaka yake, wakazunguka wakiita. Unajua waliita nini? "Kabati! Wee Kabati!" Hawakuwa na jina lingine la kuniita. Nami nikaitika.

Njiani hakunisema. Tulipofika, tanuri zima la samaki lilikuwa limeungua. Akasonga ugali, akachagua wale wenye nafuu, akaniwekea mimi. Nilikula mkaa, macho kwenye sahani. Ndipo akauliza taratibu, "Sasa baba, ungefia kule, mkeo tungempata wapi? Na tungemwambia aliyekufa ni nani?" Nilitamani ardhi ipasuke. Akanipa na shuka la kujifunika.

Tangu hapo nalala kwao. Namtengenezea vichanja vipya vya samaki na kuziba mitumbwi ya kaka yake.

Sasa kuhusu safari yenu. Niliahidi kuwavusha kwa boti yangu, na Neema ameshawatangazia wenzake. Boti hakuna. Na hata ingekuwepo, nisingetaka umpakie mtoto wetu kwenye chombo cha mtu mwenye kichwa kama changu. Mama Kabula anasema atawavusha yeye, asubuhi na mapema, nami nitakaa katikati kama gunia. Ukiona ni heri mbaki Mafinga, sitakuwa na neno. Mara zote umekata shauri kwa maneno yangu matamu; mara hii kata ukijua ukweli.

Mama mkwe msalimie, aziondoe zile laana polepole. Kaka yangu wa kiwanda cha mbao mwambie mbao hazina kosa, kosa ni la dereva. Shangazi wa Iyunga akija, mwombe aniombee.

Ukikubali kuja, nitajie siku. Nitapita kambi moja moja niwaambie mke wangu na binti yangu wanakuja, niwatajie majina yenu. Na langu pia, maana hawajaniuliza, na mpaka leo naona haya kulitaja.

Mumeo,
Elia