Barua chini ya kikombe

Shoga, umewahi kusikia mjukuu wako akiitwa mhalifu mbele yako, na anayemwita anakunywa chai?

Nimetoka zahanati sasa hivi. Mkuu wao aliniita kwa kuwa mimi ndiye mdhamini wa mjukuu wangu, yule binti wao wa kompyuta; nikamkuta ameketi hapo. Ati yeye ndiye aliyefuta mafaili ya wagonjwa kwenye tovuti!

Kasoro ya tovuti hiyo binti alishanieleza mara tatu mpaka nikaelewa. Kuna kisanduku cha mgonjwa kuandika namba ya kadi. Ukiongeza nukta mkato na amri baada ya namba, kompyuta haiulizi wewe ni nani. Ukiiambia futa, inafuta. Mtu yeyote, popote alipo!

Nikamwambia yule bwana, "Alikuonya kwa barua mwezi uliopita. Kwa mkono, maana wewe unataka kila kitu kwenye karatasi."

Akacheka. "Bibi, kompyuta unaijulia wapi? Barua gani?"

Barua gani! Shoga, barua gani!

Mwandiko wa mjukuu wangu ulikuwa unachungulia chini ya kikombe chake. Nikakiinua. Karatasi ina miduara ya chai kama mihuri. Nikamsomea polepole, mpaka sahihi.

Sauti yake ikageuka asali, akamwambia binti: "Basi mwanangu, kaa hapo uzibe hilo tundu."

Binti akavua kitambulisho cha kazi, akakiweka juu ya barua.

"Ziba mwenyewe."