Kilo Moja Iliyokuwa Hasi

Yaya wangu, kaka ninayekufuata kwa kuzaliwa,

Natumaini barua hii itakufikia huko uliko. Isipokufikia, basi iwafikie watu waliokuwa uwanjani siku ile. Najua ungenicheka kuona nakuandikia kwa Kiswahili cha shule. Ungeuliza namwogopa mwalimu gani.

Nakumbuka chumba chetu cha Ndosho na kompyuta kuukuu uliyoifunga kwa mpira wa baiskeli ili skrini isianguke. Umeme ulipopatikana, ulinifundisha C, lugha ya kuandikia programu. Ulinirusha moja kwa moja kwenye fmod, amri ya kutafuta baki la kugawanya, maana parokia ilikuwa imekuomba programu ya kugawia maharage wakimbizi waliotoka Kibumba. Kila familia ilipaswa kupata kilo tatu na nusu. Gunia la kilo hamsini, ukanionyesha, hutoa mafungu kumi na manne, na kilo moja inabaki.

"Unaona, mudogo," ulisema, "fmod inahesabia tu fungu yenye imejaa. Kenye kinabakia, njo inakupatia. Haisemake bongo, haidanganyake."

Nilikuwa na miaka kumi na sita na kichwa kigumu. Katika kitabu chako cha Kifaransa nilikuta amri nyingine ya baki, remainder, nikaona jina lake linapendeza kuliko fmod. Uliniambia niachane nayo, na hapo ndipo nilipozidi kuitaka. Ulipotoka nikaiweka mahali pa fmod, nikajaribu kilo hamsini. Ikanipa moja, sawasawa na yako. Nilifurahi peke yangu, sikukuambia.

Siku ya kugawa, magunia sita yalifika uwanja wa parokia yamepungua, kila moja kilo arobaini na nane. Nikaingiza namba, na mbele ya moja kikatokea kistari: hasi moja. Leo nawaeleza wanafunzi wangu kwa urahisi. Remainder hutafuta namba nzima iliyo karibu zaidi, na arobaini na nane iko karibu na mafungu kumi na manne kuliko kumi na matatu. Kwa hiyo ilihesabu kumi na manne, kisha kwa ile hasi ikanionya kwamba kilo moja haipo. Fmod ingehesabu kumi na matatu na kuniachia kilo mbili na nusu. Siku ile sikujua hayo. Akina mama walikwisha kupanga mstari, wewe ulikuwa umeniita dirishani mara mbili, nami nikaona haya. Nikaongeza fabs, ambayo huondoa alama ya hasi, na karatasi ikatoka safi: kila gunia mafungu kumi na manne, baki kilo moja. Ukakata jetoni themanini na nne, vikaratasi vya kupokelea, kimoja kwa kila fungu.

Kwetu anayekupimia maharage humalizia kwa konzi moja juu, matabishi, na asiyeitoa huonekana mchoyo. Wewe uliikataza siku hiyo ili asiwepo wa kukosa. Watu walinung'unika kidogo, wakakubali kwa sababu ni wewe. Ilipofika jetoni ya themanini na mbili, magunia yakaisha. Ikabaki kilo moja tu, na akina mama wawili wameshika jetoni zao.

Mmoja wao hakupaza sauti. Alisema polepole, na beseni lake likiwa tupu:

"Matabishi mulikatala, na tena maharage inakosekana. Muliipeleka wapi?"

Uliitazama karatasi, kisha ukanitazama mimi.

"Kosa ni yangu," ulisema. "Hesabu njo mimi nilifanya."

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwako, Yaya, nikanyamaza. Mama yetu alileta maharage ya nyumbani kwa wale wawili, lakini neno kwamba umeyaficha lilikwisha kutoka. Jioni nilirudisha fmod, nikafuta fabs, nikajilaza kama mgonjwa. Wewe hukuniuliza kitu. Kamati ya parokia ikakuondoa kwenye kugawa, na sokoni ukaanza kuitwa Papa Matabishi, baba wa matabishi. Ulicheka nao mara mbili tatu, kisha ukaacha kwenda sokoni. Baada ya wiki chache ulisema umepata kazi ya kufundisha Rutshuru. Vita vikafunga barabara, na tangu hapo hatujapata habari zako.

Nakukosa sana. Nafundisha hesabu na kompyuta hapa hapa Ndosho, na wanafunzi wananiona mwalimu mkali kwa sababu simruhusu mtu kuweka fabs kabla hajanieleza hasi inatoka wapi. Hawajui kwamba najigombeza mwenyewe. Wapo bado watu wanaolitaja lile jina la sokoni, nami nimepita karibu nao miaka yote hii nikisalimia kwa adabu.

Ndiyo maana barua hii ni ya wazi, na nimeomba isomwe parokiani baada ya misa. Nyote mliokuwa na jetoni siku ile, kaka yangu hakuficha hata punje moja. Mimi ndiye niliyebadilisha hesabu yake, nikaiona hasi, nikaifuta, kisha nikamwacha abebe lawama peke yake. Jina lile niiteni mimi.

Rudi nyumbani, Yaya. Nitakuwa nimesimama mbele yao wakati barua hii ikisomwa.

Mdogo wako,
Ndosho, Goma