Chai Katika Kasri la Babu

3 Machi

Shangazi, shikamoo. Sisi wazima, ila Baba na lile goti lake linalotabiri mvua kuliko redio. Nawe hujambo huko?

Kasri limefunguliwa tena, sasa ni hoteli. Kiti cha enzi cha Babu kiko mapokezi, wageni wanakikalia kupigwa picha. Kitanda cha Bibi wamekikata miguu, eti kimeinuka mno. Mazulia yaliyokuwa yakioza ghalani yameoshwa, kwa kweli yanapendeza. Nami nimepata kazi humo, ofisini.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Mimi mzima.

Nashukuru uko ofisini. Mtoto wa kasri hawezi kubeba sinia. Mimi huko sikanyagi. Nitatazamaje kitanda cha mama yangu kikikodishwa?

Shangazi yako

9 Juni

Shangazi, shikamoo. Ulirudi salama?

Ndiyo, ni mimi niliyewaletea chai pale kasrini Jumamosi, nimevaa joho jekundu la watumishi wa zamani. Hakuna ofisi, nilikudanganya. Yule mama uliyekuwa ukimsukuma kwenye kiti cha magurudumu alipouliza, "Mnajuana?" ukajibu, "Hapana, namwonea huruma tu anavyotetemeka." Nilijifungia stoo, masikio yakiwaka kwa haya. Sina kinyongo, Shangazi. Nimekuaibisha. Nijibu, hata neno moja.

Mwanao

17 Julai

Shangazi, shikamoo. Unaumwa? Baba anauliza mbona kimya. Sijamwambia kitu.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu, marahaba. Siumwi. Sina uso wa kukuandikia.

Hukuniaibisha. Mimi ndiye niliyekukana, tena kwenye ukumbi ambamo baba yangu alinishika mkono nikijifunza kutembea. Ninyi niliwaambia nafanya biashara. Yule mama namwogesha na kumlisha. Naye nilimwambia wazazi wangu walikuwa wakulima, maana nani angemwajiri binti wa mfalme amwoshe miguu?

Jana nilimweleza. Akacheka, akadhani namtania. Nikarudia, machozi yakanitoka. Ndipo akauliza, "Basi yule kijana wa chai ni wako?"

"Wangu," nikasema. "Mtoto wa kaka yangu."

Nakuja Ijumaa, peke yangu, kwa mlango wa mbele. Ukiona haya kunisalimu mbele ya wenzako, usinisalimu. Wewe niandalie meza kama mgeni yeyote. Lakini ukinijia na sinia lako, nitasimama.

Shangazi yako