Uso wa Kima Jike

Njombe,
9 Juni 1953

Mama mpendwa,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na viazi mmekwisha vuna. Mimi na mke wangu Telesia hatujambo, ila baridi ya huku inatutia adabu. Mwinjilisti Elieza anayekusomea nampa salamu zake, na shangazi Idda, ambaye najua amekwisha sogeza kigoda, naye pia.

Kazi yangu ni ile ile, kwa yule Bibi Mzungu anayechunguza wanyama. Mwaka huu ameletewa kima wawili kutoka Bara Hindi, dume na jike; niliwapokea mwenyewe Makambako, juu ya lori. Kila asubuhi nalinganisha uso wa jike na vibao vya rangi, kisha naandika namba.

Mwezi uliopita uso ule ulianza kukolea wekundu. Mimi niliyekulia kwenye pareto nikasema ni vumbi la maua limemwasha, kama linavyokuwasha wewe. Nikamtenga na dume, nikamwosha, nikampaka mafuta siku nne. Bibi aliporudi safari alicheka hadi akakaa chini. Akanieleza kwamba jike si mgonjwa: damu humpanda usoni siku ambazo mwili wake uko tayari kushika mimba, na dume huisoma. Nilipofungua mlango uliowatenga, Mama, dume hakufanya fujo. Aliketi akamtazama usoni, kimya, kama mtu anayesoma Neno. Sijapata kuona ajabu kama ile. Nikavua kofia bila kujua.

Tangu siku hiyo naona haya kumtazama Telesia. Mnyama uso wake unasema kweli, na mimi nauficha wangu. Barua uliyoandikisha inasema kwamba Jumapili ya tarehe 28 wazee watamrudisha kwao Matamba kwa kuwa ni tasa. Mama, si tasa. Miaka miwili iliyopita daktari alitupima sote wawili. Yeye ni mzima. Asiyeweza kuzaa ni mimi. Telesia alijua, na kila ulipomsema mbele ya watu alinyamaza kwa ajili yangu, na uso wake haukunisaliti hata mara moja.

Mwinjilisti, najua hapa umeteremsha sauti. Tafadhali rudia, kwa sauti ile ile uliyosomea habari za kima, shangazi Idda asikie.

Nisalimie wote hapo Mdandu. Jumapili hiyo tutakuja wawili, na tutaondoka wawili.

Mwanao,
Danieli