Pilau ya Arobaini Yako

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini hujapata kunisikia nikianza neno nawe bila shikamoo, na sitaanza utovu wa adabu leo kwa kuwa umelala.

Nyumba ipo. Paka wako mwizi yupo, amenona kwa samaki wa majirani. Achari ya maembe bado nauza, na mikono yangu bado ni ya manjano kwa bizari mpaka kwenye viwiko, kama ulivyokuwa ukinicheka. Ila nyumba yenyewe, mama, imekuwa kubwa mno. Siku za matanga hapakuwa na pa kukanyaga, wanawake walilala mpaka ukumbini. Ilipopita arobaini kila mtu alikunja mkeka wake. Siwalaumu, nao wana nyumba zao. Lakini nikirudi kutoka sokoni napiga hodi. Hodi! Kwenye nyumba ambayo ufunguo wake ninao mkononi. Kisha nasimama pale mlangoni kama mjinga, nangoja uniambie, "Karibu, umekawia."

Na nikwambie jambo jingine kabla moyo haujapoa. Nimekukasirikia. Umenitwika mzigo ambao hata mpagazi angeukataa.

Unakumbuka, kule hospitali, ulivyonishika mkono. "Mishi, nikifa usimwambie nduguyo mpaka atoke. Kule hakuna ukuta. Atakuja kwa miguu." Nikakuapia. Ningefanyaje? Nani anayemkatalia mamake aliye kitandani?

Namjua kaka Swalehe. Ni mtu wa kutenda kwanza na kufikiri baadaye, na ndivyo ule ugomvi wa kiwanja ulivyomtia ndani, mpini wa jembe mkononi. Kwenye gereza la kuta alitulia, akasifiwa, wakamhamishia kambi ya shamba huko mbele ya Magarini, wafungwa wanakolima mihogo na kuchunga ng'ombe. Ua wa kambi ni minyaa tu, na mbuzi wanaupita watakavyo. Kila mfungwa analindwa na moyo wake mwenyewe. Wewe ndiwe uliyenihadithia habari za yule mwenzake aliyesikia babake amefariki, akaweka jembe chini, akatoka mchana kweupe. Walimkamata papo hapo msibani, babake hajazikwa. Akarudishwa kwenye kuta, na kifungo juu ya kifungo. Ulilirudia jambo hilo mpaka nikachoka kulisikia. Ruhusa ya kuzika huombwa, ndiyo, lakini ruhusa ina njia yake ndefu, na maiti wetu hangoji.

Basi ulizikwa mwanao hayupo. Aliyeingia kaburini kukupokea ni Mzee Bakari, jirani yetu, mahali pa Swalehe. Sisi wanawake tulibaki ndani. Nilisikia tahalili ikiondoka barazani, ikashuka na njia, ikawa ndogo, ikapotea. Wengine walikuwa wakilia kwa sauti. Mimi nilikuwa nikijiuliza Swalehe analima upande gani wa shamba saa ile.

Siku ya kuzuru ilipofika nilikwenda, na kikapu chako. Afande wa langoni ni yule yule, na amri ni ile ile, mleta chakula aonje kwanza mbele ya macho yake. Akaniuliza, "Leo yule mama mcheshi yuko wapi?" Hajasahau ulivyomjibu siku ya kwanza alipokuambia uonje: "Ningekuwa na sumu, mwanangu, ningempa babake zamani." Nikamwambia miguu inamsumbua. Nikaonja wali, akanifungulia.

Swalehe naye nikampa jibu la miguu. "Mwambie ajikande kwa mafuta ya nazi," akasema, "asijifanye kijana." Nikaitikia. Mama, niliitikia huku nikijua uko chini ya mchanga!

Kisha ikaja arobaini yako. Tukasoma hitima, wanaume wakapika pilau uani kwa kuni, masufuria makubwa yale ya kukodi. Watu wakala, wakakuombea, wakasema haijapata kutokea pilau kama ile. Nikasimama pale jikoni na mwiko mkononi, nikashikwa na uchungu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nikasema la, wallahi, lake litakuwapo. Mtaa mzima ule hitima ya mama, na mwanawe wa kwanza akose hata tonge? Nikamfichia sahani chini ya kawa. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuzuru. Nikaipasha moto, nikaenda nayo.

Nilijiona mwerevu. Nilijiambia, atakula hitima ya mamake bila kujua, nawe utakuwa radhi, na kiapo changu kitabaki kizima.

Alipofunua, alinusa. Akasema, "Pilau ya sufuria kubwa hii. Harusi ya nani?" Nikamjibu bila kufikiri, ya binti Mzee Bakari. Akanitazama usoni, kisha akanitazama mikono. Kisha akala. Alikula polepole mpaka punje ya mwisho, akaguguna mifupa, akakusanya makombo kwa kidole. Alipomaliza, midomo yake ikawa inacheza. Nikadhani anashukuru chakula.

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda, ilikuwa mama hivi, mama vile. Mama amekusalimia. Mama amegombana na paka. Naye ananituma: mwambie mama asizidishe sukari kwenye chai, mwambie nimefundishwa kukama. Na nikwambie kweli, mama, usinicheke: nilianza kuipenda safari ile. Kwenye benchi lile, chini ya paa la makuti, ndipo peke yake duniani ulipokuwa bado hai. Nikiondoka napanda bodaboda, vumbi linanijaa machoni, na kabla sijafika barabara kuu umekwisha kufa tena. Nikifika nyumbani nalia peke yangu. Duniani kuna mtu mmoja tu ninayeweza kulia naye kilio chako, na ndiye huyo huyo uliyenikataza.

Sasa sikiliza ya juzi.

Juzi nilikwenda na samaki wa kupaka, ule upishi wako. Swalehe alikuja kutoka kwenye kitalu, siku hizi amewekwa huko kutunza miche. Mkononi alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, ndani yake mche wa mrehani, mbichi, unanukia mpaka nikausikia kabla hajaketi. Nikasema, "Alaa, mama atafurahi, ataupanda mlangoni." Ndiyo, nilisema hivyo. Ulimi ulikwisha kuzoea.

Akauweka mapajani mwangu. Akasema, "Umwagilie tu, Mishi. Usiupande. Kaburini sikuingia kumpokea mama. Kichwani pake nitaupanda mimi."

Nikamwuliza amejua tangu lini.

"Tangu ile pilau," akasema. "Harusi ya nyumba ya pili, nawe huna hina hata kwenye ukucha? Wewe, Mishi, unayejialika harusi za watu usiowajua?"

Subhanallah. Hina! Nilifikiria kawa, nilifikiria moto, nilifikiria afande. Hina sikuifikiria. Kumbe ile midomo iliyokuwa ikicheza, alikuwa akikusomea Fatiha mbele yangu.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akaangalia upande wa minyaa. Akaniambia kwamba siku ile nilipoondoka alikwenda mpaka pale. Hapakuwa na mtu wa kumtazama. Mguu mmoja ulikuwa nje tayari. "Nikasema, nikienda watanirudisha kwenye kuta, mbali. Mishi atakuwa akimletea nani chakula? Nikaurudisha mguu."

Na zile salamu za chai na sukari? Akasema aliniona uso unavyonikunjuka nikikutaja, akaona aniache nikutaje.

Hapo ndipo tulipokulilia, mama. Wawili, kwa mara ya kwanza, kwenye benchi la kambi, samaki anapoa katikati yetu. Mwanao mzima yule alilia kama alivyolia ulipomchapa kwa kuvunja mtungi. Saa ya kuzuru ikapita. Yule afande aligeuza uso akashughulika na kufuli la lango ambalo halina lolote. Nilipotoka aliligeuzageuza lile kopo, akaunusa mrehani, akanirudishia. Hakuniambia nionje.

Kwa hiyo usinigombeze. Niliapa sitamwambia, na sikumwambia. Wewe uliogopa atakuja kwa miguu, ukasahau kwamba wewe ndiwe uliyemzaa na kumlea. Siku hizo ulizokwenda na kikapu, ukikaa naye, ukimsema, hazikupotea.

Sasa lala, mama. Hodi bado napiga, na bado hakuna anayejibu, sitakudanganya. Lakini mrehani uko dirishani kwako, paka nimemfukuza hapo, na maji naupa asubuhi na jioni. Naapa hautakauka mikononi mwangu. Kifungo cha kaka kinakaribia kwisha, atatoka kwa lango, si kwa minyaa, na safari yake ya kwanza itakuwa kwako. Ukisikia mkono unachimba kichwani pako, usishtuke. Safari hii si Mzee Bakari.

Mwanao,
Mishi