Mkate wa Baba, Sifa Zangu

Bi Everlyne, salamu kutoka Voi. Naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unikemee, na jina langu tafadhali ulifiche.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na korona ilipoingia tukaondolewa hosteli nikarudi nyumbani mtaa wa Kaloleni hapa Voi nikidhani ni wiki chache tu, kumbe ningekaa karibu mwaka mzima nikisomea kwenye simu, mhadhiri akikatika kila upepo ukivuma, na wakati huohuo hoteli ya watalii anayofanya kazi baba kule mbugani ikafungwa, naye akarudi na begi lake. Baba ni mpishi, amepikia wageni tangu kabla sijazaliwa, lakini nyumbani alikuwa anakuja siku mbili tatu kwa mwezi, analala, anauliza masomo, anaondoka. Aliporudi safari hii aliniuliza tunaweka wapi sukari.

Jikoni kwetu ni kwa mama, na hatukuwahi kumwona baba humo, lakini kukaa bure kulimshinda, na siku moja mama akiwa sokoni akapika githeri ya mahindi na maharagwe, akapakua, akapangusa ukingo wa kila sahani kwa kitambaa kama anavyowafanyia wazungu, na mama alipoingia akacheka mpaka akakaa chini, akala hapo hapo, na mimi nikatambua kwamba sikuwa nimewahi kumwona mama akila amekaa, maana siku zote yuko mguu mmoja mezani mwingine jikoni. Kutoka hapo baba akaanza mkate. Tanuri hatuna, kwa hivyo aliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko, na harufu ikawaleta majirani. Wa kwanza kupiga hodi alikuwa Mama Mutunga, tunasali naye, na kabla sijafungua mlango baba akaninong'oneza, "Sema ni wewe umeoka. Wewe ni msichana, hakuna mtu atashangaa."

Nikasema ni mimi. Bi Everlyne, tangu siku hiyo mtaa wote unanunua mkate wa Wakesho, yaani mimi, kumbe baba anakanda huko nyuma na mimi napokea watu mlangoni na barakoa yangu na aproni safi, nasifiwa mikono, naambiwa atakayenioa amebarikiwa, na sasa Mama Mutunga amenipangia kuwafundisha wasichana wa kanisa kuoka, na mimi hata hamira sijui inaingia saa gani.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hoteli inafunguliwa na baba ameitwa arudi mwisho wa mwezi, na naona wazi hataki. Juzi nikamwambia, "Baba, si ubaki tu? Mkate si unaenda." Alikuwa anapaka viatu rangi. Akanijibu, "Nikibaki, watu watauliza siku hizi Danson anafanya kazi gani. Nitawaambia nini? Eti niko jikoni na mama yako?" Mama alikuwa anasikia. Alitoka nje akaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mwaka huu watu wamekufa, hata sisi tulimzika shangazi haraka haraka tumesimama mbalimbali, ndiyo maana naona haya kusema kwamba ndio mwaka niliompata baba. Je, nisimame kanisani niseme ukweli, ili asiwe tena na cha kuficha, au ninyamaze aende?

Wakesho, Voi

BI EVERLYNE ANAJIBU

Binti yangu, majina nimeyabadilisha yote, na la mtaa pia, kwa hivyo pumua.

Kanisani usisimame. Mtu mzima hasaidiwi kwa kutangazwa kwenye kipaza sauti huku amekaa kwenye benchi na suti yake. Na kabla hujaenda kumwokoa baba, jitazame kidogo. Uliambiwa useme neno moja kwa Mama Mutunga, lakini aproni safi ulijivalisha mwenyewe. Zile sifa umezila na zimekunogea. Nenda umwambie huyo mama kwamba hutafundisha kwa sababu hujui. Akiuliza ni nani anayejua, mwambie utamuuliza mwenyewe kama anataka kutajwa.

Kuhusu furaha yako, acha kuionea haya. Ulimlilia shangazi na ukacheka na baba, na yote mawili ni yako. Hukumuua mtu kwa kula githeri.

Sasa tuje kwa mzee. Huyu bwana akipikia mgeni wa ng'ambo ni shefu na anavaa kofia ndefu, akimpikia mama watoto wake anajificha. Ningekuwa hapo ningemcheka, kisha ningeomba kipande. Lakini kubaki au kwenda si uamuzi wako. Kuna karo yako, kuna mshahara, na kuna mama yako, ambaye kwenye barua yako yote hujamuuliza hata swali moja. Muulize anataka nini, na umuulize baba akiwepo, maana mama anayeanua nguo mbichi ana la kusema. Baba yako akienda, aende kwa kuwa kazi ya hoteli inawafaa nyote. Asiende kwa kuwa anaogopa majirani.

Fanya hivi. Jumamosi, kabla makaa hayajawashwa, mwambie baba kwamba wewe mlangoni huendi tena, na umwambie kwa nini, hata yale ya kumpata mwaka huu. Umwambie kwa adabu, bila kulia ikiwezekana. Kisha mwombe akufundishe kukanda, na uingize mikono ndani ya unga mpaka kwenye viwiko. Mama Mutunga atakuja tu. Akipiga hodi, baba atakutazama wewe.

Usiinuke.