Mche wa Takumi

Omiya, 3 Novemba

Shiori mwanangu,

Hujambo? Baridi ya huko imekupokeaje? Mimi mzima, ila magoti tu, nayo unayajua.

Simu zangu hupokei, basi nimeshika kalamu. Ulipoondoka kurudi kwenu baada ya ibada ya siku arobaini na tisa ya kumwombea marehemu mwanangu, nilienda kumwagilia miti nikakuta pengo kwenye benchi. Mche wa momiji, ule mti wa majani mekundu aliouotesha Takumi kwa mbegu, haupo. Sikuiti mwizi, mke haibi cha marehemu mumewe. Lakini mti huo bado mchanga, na mizizi yake imo kwenye kichungu kama bakuli la wali. Baridi ya Asahikawa itaigandisha. Nirudishie, nitauweka kwenye banda la jirani yangu, mzee Kuramochi. Ukikataa, basi uweke ghalani pasipo moto, mbali na upepo, ulale hadi theluji iyeyuke.

Mamako,
Tokie

Asahikawa, 21 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumai magoti yametulia. Mimi naendelea, nimepata zamu katika wodi ya wazee.

Ni kweli nimeuchukua. Nisamehe kwa kutoaga, ila kuurudisha siwezi. Nimezaliwa kwenye theluji hii, naijua, kwa hiyo sikuuacha nje hata siku moja. Uko chumbani, dirishani, karibu na stovu. Na umechipua, mama! Majani manne mekundu, madogo kama kucha za mtoto. Nikitoka kazini nakaa nao, nanywa chai, naongea nao. Angalau kimoja cha Takumi kinaishi.

Mkweo,
Shiori

Omiya, 26 Novemba

Shiori,

Salamu zitafuata. Utoe huo mti chumbani. Momiji anayechipua majira haya hajapona, amekoseshwa usingizi. Anakula akiba aliyojiwekea, na ikiisha, masika yatamkuta mtupu. Usimtupe nje kwa ghafla: mweke kwanza mlangoni kwenye ubaridi, siku kadhaa, kisha ghalani. Zungushia chungu majani makavu. Maji kidogo, udongo ukikauka tu. Nilimweleza Kuramochi, akatikisa kichwa.

Wewe ni muuguzi, hukuona?

Mamako,
Tokie

Asahikawa, 30 Januari

Mama,

Shikamoo. Mwaka mpya umetupita bila salamu, kosa ni la wote wawili.

Mti niliutoa siku ileile niliyosoma barua yako, moja kwa moja hadi ghalani, kwa hasira. Asubuhi yake majani yalikuwa meusi. Tangu hapo nauzungushia majani makavu, namwagilia kama ulivyosema, na sijui kama namwagilia mti au kuni.

Kilichonikasirisha si mti. Siku ya mazishi, nikiwa jikoni napanga vikombe, nilikusikia ukimwambia dada yako, "Muuguzi ndani ya nyumba, na hakuona." Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umefiwa na mwana. Sasa umeniandikia maneno yaleyale. Takumi alianguka njiani na baiskeli yake, moyo umesimama, mimi nikiwa kazini. Hakuwahi kuniambia kifua kinamuuma. Naomba unijibu wazi: unaamini nimemuua mwanao?

Mkweo,
Shiori

Omiya, 12 Aprili

Shiori mwanangu,

U hali gani? Mimi nilifika nyumbani salama, treni ilichelewa kidogo tu.

Najua sikukujibu barua. Nilikuja kwako mwenyewe bila hodi kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa uongo. Njia nzima nilijiandaa kukwambia kwamba hukunisikia vizuri. Ulipofungua mlango, umekonda vile, na bado umevaa sare ya kazi, sikuweza kukudanganya. Nikala supu yako nikaondoka na neno la kweli moyoni. Nalisema sasa. Ndiyo, nilikulaumu. Kama kungekuwa na mtu wa kuona, basi kifo kile kingekuwa na mlango ambao ungeweza kufungwa. Lakini asubuhi ile alipita kwangu, akala wali na samaki mezani pangu, tukacheka, nami nilimzaa, sikuona kitu.

Na ule mti. Nilipokwaruza gome kwa ukucha nikakuta kahawia badala ya kijani cha uhai, uliniambia nikwaruze chini zaidi. Nikakwaruza, mpaka pasiwe na chini. Usijilaumu kwa huo nao. Kuramochi ana miche mingine ya mama mmoja na ule. Nitakuletea mmoja, na safari hii nitakufundisha mwenyewe.

Mamako,
Tokie

Asahikawa, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Theluji inayeyuka, barabara ni tope tupu, nami nimeanza kulala usingizi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Inauma, lakini afadhali hii kuliko kimya kile.

Kuna jambo ningependa ulisikie kwangu, si kwa watu. Nimeomba kazi ya kudumu hapa. Sirudi kuishi Omiya. Nyumba niliyoishi na Takumi siiwezi, na usifikiri ni wewe ninayekukimbia. Agosti nitakuja tumsafishie Takumi kaburi, halafu tupande treni pamoja, ukae kwangu hadi joto la huko lipungue. Nimeshanunua godoro la pili.

Mche usilete. Sina nguvu ya kukaa majira mengine ya baridi nikiuliza kijiti kama kiko hai. Njoo wewe.

Mkweo,
Shiori